Kilemba

Msimamizi wa banda, Wiebe, pande la mtu
aliyezoea kusema na wageni kwa sauti ya kuitia ng'ombe,
aliinua kitunguu cha ua kati ya vidole viwili
akamwambia mama: "Tulp. Sema, tulp."
Mama akasema. Akavuta kikapu cha saba.
Walilipwa kwa kikapu, si kwa matamshi.

Hillegom, mwezi wa saba, mwaka wa kwanza.
Maganda yalijaa kuchani, yakawasha hadi viwikoni.
Kando yake aliketi Aaltje,
ambaye majira ya njaa ya vita, akiwa na miaka sita,
alivila vitunguu hivyohivyo, vya kuchemsha, bila chumvi.
Mama akamuuliza kwa mikono: vina ladha gani?
Aaltje alifikiri sana. "Vumbi," alisema.
"Vumbi lenye utamu kidogo."
Hakuna aliyemwambia mama kwamba neno lile ni la kwao.

Niliyeligundua ni mimi, darasa la tano,
katika kamusi nene ya shule iliyonuka unyevu:
inasemekana mgeni mmoja, zama za masultani,
alisimama bustanini akauliza, hili ni nini?
na mtunza bustani, ama hakusikia, ama alisikia vingine,
akajibu linafanana na nini.
Tülbent. Kilemba.
Mgeni akaandika, akafunga mzigo, akaenda zake
na ua mkononi na kitambaa cha mtu ndani ya daftari.

Nilikimbia nyumbani na habari hiyo kama aliyeokota pochi.
Mama alikuwa akikaanga biringanya. Alinisikiliza,
akafungua kitambaa chake cha melimeli
chenye maua ya kufuma pembeni,
akakitandaza mezani kati ya mkate na chumvi.
"Hii ndiyo tülbent. Hufuliwa Jumapili.
Ua ni lale.
Wamelivika kilemba cha ukoka, nalo likakubali."

Lale ndilo jina langu.
Kule Erzincan babu aliniandikia kwa kidole juu ya unga:
lamu, alifu, lamu, he.
"Zipange upya," alisema, "utapata hilali.
Zipange tena, utapata jina lisilochezewa."
Hakuthubutu kuufuta unga ule.
Bibi aliukandia mkate, tukala.

Shuleni Hillegom jina hilohilo lilikaribiana na neno lao
la usemi wa mlevi. Wavulana waliyumba nyuma yangu
mpaka kituo cha basi.
Mwalimu Dieuwke alitaka kunituliza:
"Lakini maana yake ni tulp! Umezaliwa Mholanzi!"
Ningeanzia wapi?

Sasa mama ana miaka themanini na mmoja
na Kiholanzi kimembambuka, chote, ganda kwa ganda.
Kituruki kinafuata.
Jana muuguzi kijana, Joris, alileta chombo cha maua mekundu,
akauliza kwa upole: "Bi Nazmiye, hili linaitwaje?"
Nilimwona akilitafuta
kama mtu anayepapasa swichi gizani
katika nyumba aliyokwisha kuihama.
Ulimi uligusa lamu, ukaiachia.
Kisha mkono ukapanda wenyewe,
ukagusa kitambaa kichwani.

Joris alidhani anataka kufungwa upya.
Mimi nilishika ukingo wa kitanda.
Miaka arobaini nimemcheka yule mtunza bustani
aliyeulizwa jina akatoa mfano.
Sikuwahi kuwaza kwamba pengine alilijua,
akalisema kila siku, akaliitia hata binti yake,
na asubuhi ile, mbele ya mgeni na kalamu yake,
likamponyoka,
mkono ukashika kilichokuwa karibu.

"Na huyu?" Joris akanionyesha. "Huyu nani?"
Mama akanitazama. Akayatazama maua.
Nikainama ili anifikie.
Akaniwekea kiganja utosini, kwenye nywele tupu,
akakizungusha polepole, mara mbili, mara tatu,
kama anayefunga.